Gofri Kavu kwa Bi Gertruda

Darłówko, 4 Julai 1995

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, funga mlango, na ukimaliza itie barua hii jikoni iungue. Nakusihi, neno lolote la humu lisitoke. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila tumbo limekataa.

Unajua kibanda cha gofri cha Bwana Zenon, mwajiri wangu, kina jina lako, na juu yake umechorwa wewe na kile kitambaa cha kichwa cha kijani ulichonipa nilipoondoka. Hajui kuwa mimi ni wako. Nakaa ofisi ya nyuma, naagiza unga na mayai. Juzi nilimwona akichota mafuta kwenye karai la jirani anayekaanga samaki, mafuta meusi yanayonata, akayachuja kwa soksi ya nailoni. Hayo ndiyo anayopaka vyuma viwili vinavyobana rojo la unga hadi liive gofri.

Jana, kwa kuwa sikuyaamini macho yangu, nilikula moja. Kitu kigumu kikanikwama kwenye jino. Gamba la samaki, Shangazi, ndani ya krimu tamu. Nilitapika nyuma ya mapipa. Na watu wanajipanga hadi barabarani. Kila apitaye akiona foleni ndefu anaamini hapo ndipo penye gofri bora, naye anajipanga.

Nishauri, lakini usinitaje.

Binti wa kaka yako,
Kalina


Sierakowice, 11 Julai 1995

Kalina mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, ngazi nazishuka kwa makalio. Barua nimeichoma, na chakula cha mchana nimempa mbwa.

Mtu yule nilimfundisha mwenyewe: maziwa mgando, ute wa yai upigwe peke yake, chuma kipakwe kipande cha mafuta ya nguruwe kilichochomekwa kwenye uma, gofri isimamishwe ipoe, isilazwe ikatoa jasho. Leo sura yangu inauza makamasi ya samaki.

Baya zaidi, tarehe 23 ni siku ya jina langu, sikukuu ya mtakatifu Brygida. Kwa kuwa mwaka huu siwezi kupokea wageni, wanawake wa kwaya wamekodi basi waje kula hapo kwa heshima yangu. Nikiwazuia, wataniuliza nani kaniambia. Wakila, watasema Brygida ndivyo apikavyo, na hakuna atakayegusa tena sahani yangu.

Uvundo huo anaufunika kwa krimu na matunda. Gertruda, kiongozi wao, aonje kavu, bila kitu juu. Basi. Ukiogopa, acha, sitakulaumu. Ila nitaumia.

Shangazi yako,
Brygida


Darłówko, 25 Julai 1995

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya siku ya jina lako, ingawa imepita. Natumaini usiku huo ulipata usingizi.

Walifika wakiimba. Nilijificha dirishani hadi Bi Gertruda alipopokea yake, mlima wa krimu. Nikatoka, nikaomba gofri kavu. Hakuna anayekula kavu hapa. Foleni nzima iligeuka. Nikaimega, nikampa Bi Gertruda kipande. Alinusa, akatafuna kidogo, akatema kwenye leso.

"Hewa ya bahari hiyo, mama," Bwana Zenon akamwambia akicheka.

"Bahari iko kule nyuma yangu," akajibu. "Hii iko mdomoni mwangu."

Kipande kikapita mkono kwa mkono. Mwanamke mmoja alijifuta ulimi kwa mkono wa blauzi. Foleni ikavunjika, gofri zikarudishwa kaunta, krimu ikichuruzika hadi chini. Bwana Zenon akaniuliza mbele ya wote, kwani mimi ni nani.

Nikasema, "Mimi ni mtoto wa kaka yake huyo uliyemchora hapo juu."

Kazi yangu kwake imekwisha. Sura yako ameipaka rangi nyeupe, lakini rangi ilikuwa nyepesi. Kitambaa bado kinaonekana.

Usiniandikie tena ofisini. Juu ya bahasha weka jina la Bi Wanda, mwenye nyumba yangu, ana kibaraza kinachotazama barabara na ameniruhusu niuzie gofri hapo. Chuma chako cha gofri, kile cha mikono mirefu, kifunge kwa gazeti, umpe dereva wa basi la asubuhi. Mwambie amtafute kituoni msichana mwenye kitambaa cha kijani.

Binti yako,
Kalina