Shahidi Aliyefika Jana

Shangazi Mwende mpendwa,

Huku Homa Bay ziwa limeingia hadi majumbani. Shirika la wageni lililogawa unga limefunga ofisi, kwa hivyo sasa wanaogawa ni akina mama wa hapa, kwa fomu zilezile za wageni.

Leo mwenyekiti wao, Achieng, alimuuliza mamake mzazi, "Jina lako?"

"Si ni mimi nilikuzaa?"

"Najua, Mama. Lakini kitambulisho chako kilisombwa na maji, na jamaa hakubaliwi kuwa shahidi."

Foleni nzima ilikuwa ya jamaa zake. Nikatia sahihi mimi, niliyefika jana, kwamba namjua mama huyu vizuri. Akapata unga. Achieng aliniangalia, akaweka fomu kando, akaanza kuwaita watu kwa majina yao.

Nimekukumbuka, shangazi. Baridi ya Machakos isikuonee.

Wako, Mutua