Mishangao Arobaini na Mmoja

Alhamisi, 2 Novemba

Desmond Fernyhough, mwongozaji wetu, amenirudishia mchezo wa kuigiza nilioandika. Kurasa sitini na nne, matusi hamsini na nane yamezungushiwa duara nyekundu. Ukumbi ni wa kanisa, anasema, na hati yake ya zamani inakataza pombe, kamari na matusi. Nikamuuliza: na mauaji je? Mauaji hayana neno, anasema. Mchezoni watu watatu wanauawa nyumbani kwa kasisi, hakuna aliyeshtuka — ila mkaguzi wa polisi asitukane anapojikwaa kwenye maiti!

Anataka lugha ya kistaarabu. Ya bibi wa kijijini aliyeungua kidole. Mimi nimeezeka mapaa miaka thelathini na mmoja. Nilianza na ngazi ya kuazima, nikamaliza na mafundi kumi na wanane. Matusi ninayo ya kuuza kwa jumla na rejareja. Haya ya kistaarabu ndiyo sina hata moja.

Miaka minne katika kijiji hiki cha Derbyshire, na nimealikwa nyumba mbili. Moja walitaka nitazame paa linalovuja. Mchezo ukichezwa, watanijua. Ndiyo hesabu yangu.

Jumatatu, 6 Novemba

Dawa nimeipata — foleni ya posta! Daftari dogo mfukoni. Dakika arobaini nikijifanya kuchagua kadi. Mishangao saba, yale yanayomtoka mtu akishtuka. Minne ni ya Bi Thirza Pownall peke yake, yule mama wa miaka sabini na tisa anayepika chai ukumbini. Kusikia bei ya stempu: "Sukari na siagi!" Mvua ilipoanza: "Loo, soksi za Musa!" Mbwa alipomkanyaga: "Ebo, we kabichi!" Hasemi kwa kuchekesha. Yanamtoka tu, kama mtu anavyopiga chafya.

Ningekaa hata saa nzima. Nyumbani hakuna anayepiga chafya ila mimi.

Jumatano, 15 Novemba

Arobaini na mmoja. Nimeipanga: ya maumivu kumi na tisa, ya kustaajabu kumi na mmoja, ya hasira sita, na mitano siwezi kuipambanua. Ya Bi Thirza ni ishirini na sita. Mchezo umejaa.

Leo kaniuliza kila siku nanunua nini hapa. Stempu, nikasema. "Unamwandikia nani, baba?"

Nina stempu tisini na mbili.

Ijumaa, 17 Novemba

Usomaji wa kwanza! Watu kumi na watano, viti duara, biskuti. Ken, muuza nyama, ndiye mkaguzi. Ukurasa wa tatu akajikwaa kwenye maiti: "Soksi za Musa!" Wakacheka mpaka Desmond akagonga meza. Ukurasa wa tano, "We kabichi!" — wakacheka kidogo, wakamtazama Bi Thirza. Kufika wa tisa hakuna aliyecheka tena. Ken masikio mekundu, anasoma kwa kunong'ona. Bi Thirza alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone.

Lakini mwisho walikuja mmoja mmoja. "Inavutia, Bwana Garside." "Imenivutia kweli." Desmond: "Lazima tukutane siku moja tunywe kitu." Kumi na wanne kati ya kumi na watano wamesema inavutia! Nimerudi kwa miguu, nikipiga mluzi.

Jumanne, 21 Novemba

Nilienda kununua soseji. Ken akafunga mlango wa ndani kwanza. "Mzee, huku mtu akikwambia inavutia, chukua koti lako uende zako. Yule mama umemvua nguo mbele ya kanisa zima."

Nikamwambia sikumtaja jina.

"Ungemtaja vipi zaidi ya hapo? Hata mjukuu wangu kamjua!"

Nikaenda posta. Nilipoingia, wakabadili mazungumzo. Hali ya hewa. Wote, hali ya hewa. Bwana mmoja kaangushiwa kifurushi kwenye kidole cha mguu. Machozi yanamlenga, ananitazama, anasema: "Kumetulia leo, sivyo?"

Laiti wangenitukana! Paani fundi alinirushia nyundo asubuhi, mchana tukala mkate mmoja. Hawa hawarushi kitu. Wanakusogezea kiti na kukuuliza kama unaona baridi.

Jumamosi, 25 Novemba

Naandika kwenye benchi hospitalini. Sina karatasi ila daftari lile lile.

Asubuhi nilienda ukumbini kumwambia Bi Thirza nimefuta yote. Nilikesha na kifutio, nilitaka ajue. Alikuwa peke yake, amebeba birika kubwa. Hakunisikia nikiingia. Nikasema "Bi Thirza" — akashtuka, maji ya moto yakamwagika mguuni.

Kinywa kikafunguka. Akaniona. Kikafungwa.

"Nipe kitambaa tafadhali, Bwana Garside."

Gari lilikuwa langu tu pale nje. Maili kumi na nne. Hakuguna hata mara moja. Midomo imekuwa myeupe. Kwenye matuta nilipunguza mwendo, akasema ahsante. Sijawahi kusikia ahsante mbaya namna ile.

Sasa kuna pazia kati yetu. Muuguzi anamvua soksi, anamwambia avumilie kidogo, hii itauma —

Lo! Limemtoka Bi Thirza neno la paani, si la kanisani. Hata mafundi wangu wangevua kofia. Muuguzi anacheka.

"Bwana Garside! Unaliandika hilo?"

Hapana, mama, nikasema.

"Mwongo. Nasikia kalamu."

Nikaona nimwambie papo hapo. Nikasema mchezo nimeusafisha, yake yote ishirini na sita haimo tena.

Mkasi. Maji.

"Umehesabu?"

Ndiyo.

"Yote umefuta? Hata ile ya Musa?"

Yote.

"Ile ilikuwa ya mama yangu," akasema. "Hakuna mwingine aliyebaki anayeisema."

Sijui ananilaumu kwa kuiandika au kwa kuifuta. Ningeuliza. Sijui huku wanaulizaje.

Muuguzi anasema tayari, nani atamrudisha nyumbani? Nimesimama, nimeshika ufunguo wa gari. Anauliza mara ya pili —