Namba ya Ukurutu

Mama,

Ugonjwa wako ulikuwa na jina, nami nililijua kabla ya mtu yeyote wa kwetu Manga. Nimelificha tangu miaka ya hamsini. Hata Kemunto, binti yako na mke wangu, amezikwa bila kulisikia.

Siwezi kutulia. Naandika mstari, nainuka, nashika mlango, narudi. Binti yetu Kwaboka ameonekana na mabaka meupe ukeni, kama yako. Daktari anataka kujua kama kuna wa ukoo aliyewahi kuugua hivyo. "Baba, bibi alikufa na nini?" Nikajifanya nakohoa.

Unakumbuka viatu vyangu? Ulikuwa ukivisikia njia ya Marani unaingia migombani, maana mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Ndiyo chinsoni, heshima yetu. Halafu unamtuma Kemunto: "Mwambie huyo karani wako viatu vyake vinalia kuliko ndama wetu!"

Karani nilikuwa kweli, na mkalimani wa hospitali. Muuguzi alikuchunguza nyuma ya pazia, kinyama kikakatwa, kikapelekwa Nairobi. Daktari alikuwa safarini majibu yaliponifikia: si saratani bado, lakini yaweza kugeuka. Hospitalini kila ugonjwa una namba yake, na kazi yangu ilikuwa kuiandika kwenye kadi yako. Namba ya kweli ingefanya uitwe, mabaka yaondolewe, uwe unachunguzwa. Na wa kukueleza kwa Ekegusii, lugha yetu, akiitaja sehemu ile kwa jina lake, ni mimi, mkweo. Aibu ikanishinda. Nikaandika namba ya ukurutu, muwasho wa ngozi usioua. Daktari aliporudi alisoma kadi, barua ya majibu kutoka Nairobi sikumpa. Mabaka yakawa kidonda, na kidonda, Mama… unajua.

Kesho asubuhi nitamwambia Kwaboka yote, mbele ya daktari wake, bila kuzungukazunguka. Nakuahidi. Pumzika. Naja huko uliko, na safari hii nitakuja pekupeku.

Limebaki moja. Majibu yalipokwisha kufika, ulirudi hospitalini peke yako. Ukasimama mbele ya meza yangu, ukaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yako. "Mwanangu, aibu nimeiacha nyumbani. Nairobi wamesema nini?"

Nikakujibu, "Ukurutu tu, Mama. Paka mafuta."