Mtaa Mzima Ulimpigia Makofi Sajini

Rocklands, Mangaung,
Bloemfontein.
11 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Tseko,

Pokea salamu zetu zote, za wazima na za wagonjwa. Baridi ya Ireland inakutendaje? Na mgongo je, bado unakuuma kwa kuwageuza wale wazee vitandani? Jikande kwa maji ya moto, na usimnyanyue mtu peke yako hata akikuita mwanangu.

Sisi tunapumua. Sukari ya shangazi Mmamorena imetulia, ugoro hajaacha wala hataacha. Maboga ya nyuma ya nyumba yamezaa mpaka yanaoza, maana watu wa kuwagawia siwataki tena.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi na simu ipo. Simu siiamini. Tangu polisi waichukue ya ndugu yetu Moeketsi, yangu nikiishika naona kama kuna mtu wa tatu anasikiliza. Huenda ni wazimu wangu. Barua hii anakuletea Nthatisi, binti wa mchungaji, akirudi kazini huko Alhamisi. Nimeigundisha mara mbili. Ukiikuta imefunguliwa, niambie, hata kama Nthatisi ni mtoto wa mchungaji.

Tseko, kaka yako Moeketsi yuko mahabusu. Leo ni siku ya kumi na mbili. Wanasema ndiye aliyekata nyaya za umeme za mtaa wetu. Tarehe kumi na tisa hakimu ataamua kama atoke kwa dhamana au akae ndani mpaka kesi iishe, na kesi za nyaya za shaba, wakili wake anasema, zinaweza kula mwaka mzima. Nyaya zilikatwa Jumanne tarehe 29 Januari, saa tatu kasorobo usiku. Saa hiyo Moeketsi alikuwa amekaa kwenye ukuta wa maktaba, pale anapopata intaneti ya bure, akiongea na wewe. Najua, kwa sababu alirudi akicheka, akanisimulia ulivyounguza sufuria ya mama mwenye nyumba wako. Kwa hiyo shika hilo kwanza, kabla hujasoma mengine: wewe ndiwe uliyekuwa naye.

Sasa nikueleze habari ya runinga, na usicheke.

Tangu uondoke kuna tamthilia ya polisi hapa, ya Kapteni Sebata. Kila Jumanne saa mbili na nusu barabara inakuwa tupu, hata mbwa wanashangaa. Huyo Sebata havai sare, huvaa koti refu jeusi la ngozi. Haulizi mara mbili. Akikushuku anakutia makofi, ukikaa kimya anakutia goti la mbavu, na mwisho wa kipindi unakiri, watu wanalala kwa amani. Nami nilikuwa nikiitazama, sijitoi. Nilikuwa nikisema, laiti tungekuwa na polisi kama huyu.

Jumanne ile ilikuwa kipindi cha mwisho. Sebata alikuwa amemning'iniza mteka watoto miguu juu kwenye daraja, anamuuliza mtoto yuko wapi, na umeme ukakatika. Mtaa mzima ulipiga yowe. Naapa, mwaka juzi tulipokosa maji siku tisa watu hawakulia hivyo.

Jumatano mchana walishapata jibu. Nani hapa anacheza na shaba? Fundi friji, Moeketsi wetu. Kuna waliosema waliona gari jeupe lisilo na namba karibu na kile kisanduku cha umeme, lakini kufikia Alhamisi hao hao walikuwa hawakumbuki gari lolote. Nikiwauliza wananijibu lisemwalo lipo. Lililosemwa kwanza ni gari, nikawaambia. Wakaniangalia kama nimetukana.

Alhamisi asubuhi akaja Sajini Rapulana na vijana wawili. Tseko, mtu yule alivaa koti refu jeusi la ngozi, jua la Januari, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kola. Nilipaswa kushuku hapo hapo. Mama Mamokete wa ng'ambo ya barabara alitoka na kiti chake kabisa akaketi.

Sajini alimsimamisha Moeketsi katikati ya uwanja wetu, kati ya mafriji ya watu.

"Niangalie machoni!"

Moeketsi akainamisha kichwa. Wewe unajua mama alivyotulea. Kumkodolea macho mtu mzima ilikuwa tusi, na masikio yetu yalilipa. Sajini Rapulana ni wa umri wa baba, kama baba angekuwepo.

"Nimekwambia niangalie, we bwana!"

"Nakusikia, Ntate," Moeketsi akasema, akimwita baba kwa adabu, macho yake yapo kwenye viatu vya Sajini.

"Mmeona?" Mama Mamokete akapaza sauti. "Macho chini! Kama yule mteka watoto! Mwenye hatia huwezi kumkosa!"

Huyo huyo Mama Mamokete, Tseko, aliyekuja kukushtaki kwa mama ukiwa na miaka saba kwamba unamtazama usoni kama mbuzi.

Sajini akampiga makofi mawili. Na mimi nikasikia makofi mengine, nikageuka. Watu walikuwa wanapiga makofi, wa kwaya, wa chama chetu cha kuzikana, watu waliokula nyumbani kwetu siku tuliyomzika mama.

"Mpe na la Sebata!" mmoja akapiga kelele nyuma, wakacheka.

Sajini naye akatabasamu, akampa goti la mbavu. Lilikuwa limekaa vizuri mno kuwa la kubahatisha siku ile. Naamini alikuwa amelifanyia mazoezi. Kisha akaokota mirija ya shaba iliyotoka kwenye friji la shule, ile myembamba iliyo wazi ndani, akaitia kwenye mfuko wa plastiki akiishika kwa ncha za vidole. Hata mtoto anajua kwamba ile si nyaya za umeme. Hakuna aliyesema. Wala mimi.

Walipomwingiza garini Moeketsi aliniita. Alisema, "Dada, nitafutie wakili wa bure, wa kututetea." Nami nikamjibu mbele ya watu: "Wakili wa nini? Umefanya nini?" Kwa sababu kwa Kapteni Sebata anayeitisha wakili ni mwenye hatia tu, asiye na hatia huongea. Siku hiyo hiyo saa tisa alitia saini karatasi inayosema amekiri.

Jumapili walirudia kile kipindi cha mwisho. Mama Mamokete akanitumia ujumbe nije tuone mwisho wake, kama vile hakuna kilichotokea baina yetu. Nilikitazama nyumbani peke yangu. Mtu wa kwenye daraja alikiri, bila shaka. Nikakaa nikahesabu. Katika vipindi ishirini na sita Sebata hajampiga hata siku moja mtu asiye na hatia. Hata mara moja kwa bahati mbaya! Mimi nikikata nguo huharibu moja kati ya kumi, na nimekuwa fundi cherehani miaka ishirini na mbili. Aliyeandika mchezo ule alitaka nizoee kuona mtu anapigwa nami nisiwe na wasiwasi. Nilizoea. Nina hasira, Tseko, hasira ya kudanganywa na mtu asiyenijua hata jina.

Basi nikaanza kutafuta ni nani aliyemuuza ndugu yetu. Nilimshuku Mama Mamokete, nikaacha kumpelekea maboga. Nikamshuku mnunuzi wa vyuma chakavu, na katibu wa chama cha kuzikana kwa kuwa siku hizi ananiamkia haraka haraka. Nikamshuku hata mchungaji, alipoomba Mungu "awafichue waovu" akitazama upande wetu. Nilikuwa nahesabu nani ananisalimu na nani anainua mkono tu.

Ijumaa iliyopita huyo wakili wa bure anayemtetea Moeketsi, msichana mmoja mwembamba aitwaye Keneuoe, alifungua jalada mbele yangu. Alisema karatasi ya kukiri peke yake angeweza kuipinga, kwa kuwa Moeketsi alipigwa. Kinachomsumbua ni maelezo ya shahidi, yaliyoandikwa Alhamisi ile saa sita mchana. Akanisomea: mshtakiwa hakuwepo nyumbani kuanzia saa mbili mpaka saa tatu na nusu, siku hizi amebadilika, anarudi na mfuko mzito na hasemi umebeba nini. Nikauliza kwa ukali, ni nyoka gani aliyesema hayo? Msichana aligeuza karatasi nione saini.

Ni saini yangu, Tseko.

Alhamisi ile nilikwenda kituoni kumpelekea Moeketsi chakula. Sajini akanikaribisha chai, akanivutia kiti, akaniita Bi Dineo. Alisema mtu makini kama mimi lazima kuna kitu amekiona. Nikajiona mimi ndiye yule shahidi anayefungua kesi, yule ambaye Sebata humpa mkono mwishoni. Kwamba hakuwepo ni kweli. "Amebadilika" nililitunga pale pale kwa sababu Sajini alikuwa ananyamaza akisubiri. Mfuko ni wa spana zake, unaujua. Habari ya simu yako sikuitaja. Tayari nilikuwa nimeanza kumshuku. Kwa Sebata mwenye hatia siku zote ana mtu wa kusema walikuwa pamoja. Nilimlea kwa mikono hii, na nikamshuku kwa kikombe cha chai.

Keneuoe anasema saa sita maelezo, saa tisa kukiri, huenda walimsomea maneno yangu. Sikuuliza zaidi.

Tarehe kumi na tisa nitasimama kuyakana maneno yangu. Amenionya kwamba naweza kushtakiwa kwa kuapa uongo. Na washtaki. Lakini neno langu sasa halina uzito, limeshasema hivi na vile. Lako ndilo linalotakiwa. Piga picha orodha ya simu za usiku ule iliyomo kwenye simu yako, saa zionekane, kisha nenda kwa wakili wa huko uape hati ya kiapo kwamba mlizungumza, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi. Anwani ya Keneuoe nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Hati hiyo itume kwa njia ya haraka kuliko zote, na usifute chochote kwenye simu yako, hata picha ya ile sufuria.

Nisalimie Nthatisi akufikishiapo hii, na mwambie ahsante. Shangazi Mmamorena anakusalimu na anataka soksi za sufu. Jumamosi nilikwenda kumwona Moeketsi nikiwa nimejiandaa kumwambia yote. Aliniuliza kama nimekula, nikashindwa. Nilisema tu kwamba nakuandikia barua. Akasema nikusalimu sana, na nikuombe usinikasirikie mimi, dada yako. Mimi sikuwa nimemwambia lolote.

Mungu wa mama yetu akulinde na barafu na watu wabaya, akujalie ofisi za huko ziwe wazi siku utakayoipokea hii.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dineo