Bagamoyo Yetu na Kitenge Chao

Mama,

Jana Nadège alikukalia.

Ndiyo, Nadège mke wa kaka yangu mkubwa, Yaya Fiston, mkweo uliyemfundisha kusonga bukari. Tulikwenda pamoja kwa fundi kujaribu nguo za kumaliza kilio chako. Kitenge ni kile walichochapisha uso wako, na fundi amekata alivyojua yeye, bila kuuliza mtu. Uso mmoja umeangukia kifuani, mwingine umekatwa na ukosi, na ule mkubwa kuliko yote, Mama, umeangukia matakoni. Nadège akajigeuza mbele ya kioo akaniambia, "Bwifi, angalia, iko muzuri, hein? Mama anacheka!" Halafu akavuta kiti, akaketi.

Nilishikwa na kichefuchefu cha kweli, cha kutema mate. Nikatoka nje, nikasimama kando ya mtaro mpaka kikapungua. Fundi alidhani nina mimba.

Ndiyo maana nakuandikia. Kila nikilisema jambo hili hapa nyumbani wananiambia, pole, ni huzuni. Si huzuni. Huzuni naijua, iko pale barazani kwenye kiti chako cha plastiki cha bluu, ambacho sijakiondoa, na mgeni akitaka kukikalia namletea kingine. Hii ni kinyaa. Nawaona ndugu zangu wakila, wakicheka, wakipanga, nami natamani kunawa mikono.

Na picha yenyewe, hata sijui utacheka au utawatukana. Wamechukua ile ya kadi ya uchaguzi! Ile uliyopigwa baada ya kupanga foleni tangu alfajiri, jasho linakutoka, jicho moja limefumba. Uliificha ndani ya Biblia ukisema, "Pale nafanana muntu balikamata ku bwizi." Nikamwambia Yaya kuna picha nzuri ya Pasaka, umevaa kilemba cha kijani, unacheka kweli. Akajibu kwamba ya kadi ndiyo rasmi. Sasa urasmi huo umechapwa kwenye mita na mita za kitambaa, na pembeni wameandika "Tutakukumbuka" kwa herufi za manjano.

Lakini kitenge ningekivumilia. Kilichonitapisha zaidi ni safari yetu. Wameichukua.

Unakumbuka ilivyoanza? Ilianza na miguu yako. Ilikuwa imevimba, ukaambiwa uitie kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nami nikawa nakuletea beseni barazani kila jioni. Siku moja ukatia miguu, ukafumba macho, ukasema, "Clarisse, tunaanza bahari." Tukacheka mpaka maji yakamwagika. Tangu hapo ikawa kazi yetu. Wewe unachambua majani ya sombe, miguu iko baharini, mimi natafuta kwenye simu nyumba ya wageni iliyo karibu na ufuo, isiyo na muziki wa kelele. Tulipatana kwamba hatutakimbia. Siku chache tu za kukaa, tena kukaa kwelikweli. Asubuhi tunatazama maji, mchana tunalala, jioni tunatembea polepole kwenye mji mkongwe kuona nyumba za mawe na milango ya kuchonga. Tutakula samaki. Ukauliza kama ni kweli maji yote yale yana chumvi, nikasema ni kweli, ukasema basi watu wa kule ni wavivu, wangepikia pale pale.

Na kwa nini Bagamoyo? Nilitaka Zanzibar, kwa sababu ya picha nzuri. Wewe ukakataa. Bibi yako wa Kongolo alikuwa amekusimulia habari za shangazi yake, aliyekamatwa akienda kuchota maji, akafungwa na wengine, akatembezwa njia yote ile mpaka pwani, na hakuna aliyesikia habari zake tena. Kisha bibi huyo huyo akabatizwa na mapadri waliopitia pwani ile ile kuja kwetu. Jambo hilo lilikukaa kooni maisha yako yote. Wewe, ambaye hukukosa misa, uliniambia: "Bapadri baliingiliaka pale, na bantu balitokeleaka pale pale. Minataka nione ule mulango na macho yangu." Kutoka siku ile sikutaja Zanzibar tena.

Sasa sikiliza walichofanya. Jumapili ile nyingine Yaya Fiston alituita kwake Ruashi, kwenye nyumba mpya, ile uliyosema madirisha yake yanatazama jalala la mgodi kama vile ni bustani. Akatangaza kwamba kilio cha Mama kitamaliziwa pwani. Kwa sekunde moja nilimpenda, Mama. Nikasema moyoni, kumbe alisikia. Halafu akaendelea. Basi la kukodi, wote tumevaa kitenge. Hoteli ya Dar yenye piscine, maana watoto wanataka bwawa la kuogelea. Mpiga picha. Keki. Na siku zilizobaki zote, Kariakoo.

Unawajua watu wetu. Wanakwenda Dar kila mara, na ukiwauliza bahari ikoje wanakueleza viatu vilivyopanda bei Kariakoo. Wanashuka kwenye basi, wanaingia dukani, wanafunga mizigo, wanapanda basi. Hapa mtaani kwetu sijaona hata mmoja aliyerudi na mchanga kwenye ndala. Na sasa wewe ndiye umekuwa sababu ya kwenda kununua mapazia! Nadège ameshapata wateja. Wifi yangu atavaa uso wako akibishana bei ya mapazia, kisha atakalia mizigo yake, na wewe ukiwa katikati.

Nikauliza mbele ya wote, "Na Bagamoyo?"

Yaya akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu. "Bagamoyo iko nini kule? Iko mawe ya zamani tu. Tutapita kama kuko temps." Yaani wakibakiza muda.

Nikasema Mama hakutaka piscine, alitaka kuona pale mahali. Akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo baya lenyewe. "Clarisse, Mama sasa atajua nini?" Wengine nao wakacheka, wakamiminiana soda. Nikaangalia sahani yangu ya kuku, mafuta yameganda juu yake, nikaisukuma kando.

Siwezi kusema hakukupenda. Siku ile gari lilipokwama kwenye matope ni yeye aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali, na viatu vyake vya kazini vikaachwa humo humo matopeni. Sijasahau. Ndiyo maana inaniuma hivi. Mgongo ule ule sasa utavalishwa uso wako kama tangazo la sabuni.

Basi nikamwambia. Nilimwambia nitakwenda mimi peke yangu, kabla yao, kama tulivyopanga wewe na mimi. Akabadilika. Akasema nimekosa adabu, akasema bado tuko kwenye matanga. "Muntu wa kilio hatembeaki." Eti nitaonekana nimekwenda kujifurahisha wakati udongo wako haujakauka. Yeye mwenye keki na mpiga picha ndiye anayenifundisha adabu ya kilio! Mwisho akasema nikienda, nisirudi kukaa kwenye kilio chao.

Hilo lilinishika, sitakudanganya. Unajua ni kitu gani kutokuwepo siku ndugu wanapovua nyeusi. Watu watauliza mtoto wa mwisho yuko wapi, na jibu litabaki mtaani miaka. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Nikalipeleka hata kanisani, nikakaa kwenye benchi letu upande wa Mama Bikira. Pale nilikumbuka jinsi ulivyokuwa unainua miguu kwenye beseni na kusema maji yamepoa, niongeze mengine, bahari gani hii ya baridi. Nikajua nitakwenda.

Leo nimerudi kwa fundi, nikachukua kipande changu kabla hajakigusa. Nimekikunja, uso wako ndani, nikakiweka kwenye sanduku lako pamoja na kilemba cha kijani. Hakitashonwa. Nitasafiri na nguo yangu nyeusi, ile ile ya maziko, na kichwa changu bila kusukwa. Watu wa ufuoni wanione hivyo hivyo. Adabu ya kilio nitaibeba mwenyewe, bila mpiga picha.

Nyumba ya wageni ni ile ile tuliyoichagua. Mwenye nyumba alipouliza kama bado tuko wawili nilisema ndiyo, kisha nikasema hapana, kisha nikakata simu. Nikampigia tena baadaye.

Yaya ametuma ujumbe mchana huu, bila salamu. Unajua yeye ni wakala wa forodha, mpaka wa Kasumbalesa ndio nyumba yake ya pili. Ameandika tu: "Ku Kasumbalesa pita asubui, malori iko mingi sana." Nimeusoma mara nyingi. Kinyaa bado ninacho, Mama, kitenge bado ni kitenge. Lakini nilijikuta nacheka kidogo, na chozi likanitoka.

Sijui kama huko kuna mlango. Pengine ni ufuo tu, wanawake wanauza samaki, watoto wanacheza mpira, na hakuna anayekumbuka shangazi wa bibi yako. Kama hakuna mlango nitasimama pale maji yanapoanza. Nitatazama upande wa bara, walikotoka wale waliofungwa, kisha upande wa bahari, walikotoka mapadri, na nitakaa na yote mawili bila kuyapatanisha, kama wewe ulivyokaa nayo. Nitamtaja yule shangazi ambaye jina lake hatuna. Nitatia miguu. Nikishamaliza nitavua nyeusi pale pale, nitanawa uso kwa maji hayo ya chumvi, na kilio changu kitakuwa kimekwisha, ndugu wawepo wasiwepo.

Pumzika, Mama yangu wa beseni. Usiwasikilize wanaocheka wala usimlaani Fiston, miguu yake ilikanyaga matope kwa ajili yako. Kiti chako cha bluu nimemwachia jirani akitazame, na nimemkataza asikikalie.

Nakuahidi kitu kimoja. Nitakapochoka kusimama pale Bagamoyo nitaketi chini, juu ya mchanga, Mama. Si juu yako.

Clarisse wako