Chai Uliyokunywa kwa Heshima

Mpendwa Tata,

Jana nilifua koti langu jeupe la maabara, lile lenye doa la wino mfukoni, nikalianika kwenye kamba inayopita mbele ya nyumba yako. Upepo ukaanza kuipeperusha mikono yake, nami nikajikuta nacheka peke yangu uani. Nilikukumbuka. Nikaona heri nikuandikie, na nikuandikie kwa Kiswahili, ingawa miaka yote tuliyokaa hapa Ikonge mimi na wewe tulizungumza Kigusii. Kuna jambo kubwa ulilowahi kuniambia kwa Kiswahili, nalo ndilo ninalotaka tulikumbuke.

Wengine watakaoisoma barua hii huenda wasijue tulivyoishi. Mimi ni omokamwana wako, mke wa mwanao, nawe ni Tata, baba mkwe wangu; na kwetu omokamwana hampi baba mkwe mkono. Haingii chumba anacholala. Hazungumzi naye mambo ya mwili, wala baba mkwe hayataji mbele yake. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na wewe uliishika kama ulivyoishika Sabato. Nikija na chai ulikohoa kwanza ili nijue uko wapi, nami niliiweka kwenye stuli ya mlangoni na kurudi hatua tatu. Korona ilipokuja na watu wakakatazwa kushikana mikono, ulicheka mpaka kofia ikaanguka. Ukasema sasa Kenya nzima imejifunza kusalimiana kama mimi na wewe.

Kicheko hicho hakikudumu. Nilirudi kutoka kazini Kisii mjini na kikohozi kidogo nilichokidharau, mimi ninayepima watu kila siku. Wiki iliyofuata tukapimwa sote, watoto wakatoka salama, mimi na wewe tukapatikana nayo siku moja. Watoto nikawapeleka kwa shangazi yao Magwagwa. Mwanao alikuwa Nairobi, na barabara za kutoka Nairobi zilikuwa zimefungwa. Mama mkwe alikuwa ametutoka miaka mingi kabla. Tukabaki wawili katika boma hili, kila mtu nyumbani kwake, uwanja katikati. Niliamini kwamba mimi ndiye niliyekuletea, Tata. Mpaka leo naamini hivyo, hata kama ulikataa kulisikia.

Mwili wangu uliifukuza upesi. Kabla ya wiki mbili kwisha nilipimwa tena, kipimo kikarudi safi. Chako kikarudi nayo. Tukangoja, ukapimwa tena, bado. Homa yako iliondoka na kurudi, na ukawa unashika ukuta ukienda chooni. Mimi nikiwa dirishani kwangu nilihesabu hatua zako, nikiogopa siku ambayo hutatoka kabisa.

Basi nikafanya alichofundishwa kila mwanamke wa Kigusii mgonjwa akiwa nyumbani: nikakulisha. Asubuhi chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari vimejaa. Saa nne uji mtamu. Mchana ndizi mbivu kutoka shamba la chini, na jioni maji moto yenye ndimu na asali nyingi. Kila kikombe kilirudi kikiwa kitupu, nami nikafurahi kwamba angalau unakula. Nilimwambia mwanao kwenye simu kwamba baba anamaliza kila kitu. Alinishukuru akilia.

Daktari mmoja tuliyefanya naye kazi alinipigia kuuliza hali yako. Alinieleza jambo ambalo nililijua kwa karatasi na nikashindwa kuliona nyumbani kwangu: kwamba watu wawili wanaweza kuugua siku moja, mmoja akamalizana na virusi mapema na mwingine akakaa navyo wiki nyingi. Umri huchangia. Mtu aliyekaa na homa kabla ya kutafuta matibabu huchelewa pia, na wewe ulikuwa umeficha homa siku kadhaa ukisema ni malaria. Aliyeugua sana huchelewa kuliko aliyekohoa kidogo. Wakati mwingine kipimo huokota hata mabaki tu. Halafu akaniuliza kama una presha au sukari. Nikamjibu haraka kwamba huna. Akasema nikuulize tena.

Nikakuuliza kutoka uwanjani, macho yangu chini. Ukajibu kwamba huna ugonjwa wowote, ni uzee tu. Nikageuka kurudi nyumbani. Lakini njiani nikapita mtungi wako wa maji, ule uliokuwa ukikutosha siku mbili, nikaukuta mkavu ingawa niliujaza asubuhi. Nyuma ya migomba, mahali ulipokuwa ukisimama ukishindwa kufika chooni, sisimizi walikuwa wamejaa. Mtoto yeyote wa kwetu anajua sisimizi wakifuata mkojo maana yake ni sukari. Nilijua, na sikuwa na mdomo wa kukuambia nimeona. Ningesemaje? Ningesema nilikuwa natazama mahali ambapo baba mkwe anakojoa?

Nilikaa jikoni nikalia kidogo kwa hasira. Nilikasirikia chinsoni, nikakukasirikia na wewe. Kisha nikaenda kabatini nikatoa koti la maabara. Nikalivaa na kulifunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikavaa barakoa, glavu na ile kofia ya plastiki, nikachukua daftari na kalamu. Nikavuka uwanja jua likiwa bado juu, nikasimama mlangoni pako na kubisha kama mgeni. Ulikohoa. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kazini, kwamba mimi ni mtu wa maabara na nina maswali machache kwa mgonjwa.

Nilidhani utanifukuza. Badala yake ukakigeuza kiti chako taratibu, ukanipa mgongo na kutazama ukuta wenye kalenda ya kiwanda cha chai. Ukajibu kwa Kiswahili chako cha ofisini, kile ulichokuwa ukikitumia na makarani wa kupima majani.

"Daktari, mimi niko na sukari. Miaka sita sasa. Dawa nilikuwa naenda kuchukua mwenyewe Nyamira, lakini iliisha wakati tulifungiwa hapa."

Nikaandika. Niliikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi. Nikauliza, bado kwa sauti ile ile, kama kuna jambo lingine.

"Iko moja. Usiambie omokamwana wangu. Hiyo chai yake anaweka sukari vijiko tatu. Nikikataa ataniuliza sababu, na mimi siwezi kumwambia mambo ya mwili. Sasa mimi nakunywa tu. Akijua ataumia roho."

Nilisema nimeelewa. Nikakuahidi kwamba omokamwana wako hataambiwa. Kisha nikavuka uwanja, nikaingia jikoni, nikakaa kwenye gunia la mahindi na koti langu na glavu zangu. Kila kikombe nilichokiona kitupu nikadhani nakuponya kilikuwa kinakurudisha nyuma, na wewe ulijua. Ulikinywa ili usinivunjie heshima. Hakuna mtu aliyewahi kunipenda kwa namna ya ajabu kiasi hicho, Tata, na hakuna aliyewahi kunitia uchungu kiasi hicho.

Kesho yake asubuhi nilileta chai bila sukari. Sikusema neno. Ulionja, ukakunja uso, ukauliza kwa Kigusii kama hii ni chai au ni dawa ya ng'ombe. Nikasema sukari imeisha dukani. Tukatazamana, wewe ukiwa ndani na mimi hatua tatu kutoka mlangoni, tukacheka sote wawili kama waongo wa zamani.

Dawa zako zililetwa na pikipiki kutoka Nyamira. Nami nikaleta mashine ya kupimia sukari, na hapo tukakwama tena, maana ili kumpima mtu lazima umshike kidole. Mimi nimeshika vidole vya watu nisiowajua kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini chako sikuthubutu. Nikavaa koti, nikasimama mlangoni, nikakuelekeza. Ulijitoboa mwenyewe kwa ujasiri mkubwa na kelele nyingi, ukanisomea namba kwa sauti. Namba ikaanza kushuka. Homa ikaacha kurudi. Siwezi kuapa kwamba ni sukari peke yake iliyokuchelewesha, kwa sababu umri ulikuwepo, na homa uliyoificha ilikuwepo. Ila najua kwamba kipimo kilichofuata kilirudi safi. Ulitoka nje na kwenda moja kwa moja kwenye michai, ukachuma majani mawili na kichipukizi kama mtu anayepima iwapo vidole bado vinajua kazi.

Tangu siku hiyo nilikuwa watu wawili katika boma lako. Omokamwana alileta chakula na kutazama chini. Daktari alikuja kila Jumapili na koti lake, akaulizwa mambo ya macho, ya miguu kufa ganzi, hata yale mengine ambayo sitayaandika hapa. Mwanao hakujua. Alidhani nalivaa koti ili lisikae bure.

Halafu mwaka jana moyo wako ukachoka. Ulikuwa umelala, na mwanao alikuwa amekwenda Nyamira kutafuta gari la kukupeleka hospitali. Ilikuwa mchana, mvua inatishia. Ukaniita, ukasema kichwa kinazunguka, huenda sukari imeshuka. Nikakuletea mashine mpaka mlangoni, nikaisukuma sakafuni mpaka kitandani pako. Ulijaribu kujitoboa, mkono ukatetemeka, sindano ikaanguka chini ya kitanda. Ukajaribu kwa nyingine, nayo ikaanguka. Nikakuambia ungoje, naenda kuchukua koti.

Ukajibu kwa Kigusii, lugha yetu ya nyumbani.

"Acha hilo koti, mama. Ingia hivyo ulivyo."

Nikavuka mlango ambao sikuwahi kuuvuka. Uligeuza uso kuelekea ukutani, ukaninyooshea kidole. Nikakishika. Kilikuwa kigumu, na weusi wa majani ya chai ulikuwa umeingia kwenye nyufa za ngozi ambako sabuni haifiki. Nilikitoboa polepole kuliko nilivyowahi kumtoboa mtu yeyote, nikakusomea namba. Ilikuwa nzuri. Ukasema vizuri, na hukukiondoa kidole chako, wala mimi sikukiachilia mpaka tuliposikia gari langoni.

Siku tatu baadaye ulituacha.

Pumzika, Tata. Koti limekauka, na leo asubuhi chai nimeinywa bila sukari.

Ni mimi, omokamwana wako,
Mama Moraa