Mkate wa Wafalme, Januari Hii

Michoacán, Meksiko, 14 Aprili

Yaretzi mwanangu,

Hujambo, mama? Huku wazima, goti tu linanisumbua, nalo tumeshazoeana. Mama yako na mdogo wako Uriel hawajambo?

Mtaa mzima unajua unamaliza sekondari Juni. Shangazi yako Chayo ameshashona gauni, na nguruwe ananenepa. Siku hiyo nitamchinja tu, hata kama mwenye sherehe yuko California na mimi Wamarekani walishanirudisha huku, mpaka sivuki tena. Gauni utalivaa Desemba, kambi ya wavuna stroberi mnakoishi ikifungwa mkaja kwangu kama kila mwaka. Na safari hii, Sikukuu ya Wafalme Januari, ukikipata kile kisanamu kinachookwa ndani ya mkate usikifiche mdomoni! Anayekipata ndiye anayewapikia wote tamale za Februari, unga wa mahindi ndani ya majani, hakuna ujanja.

Baba yako

Watsonville, California, 20 Mei

Shikamoo baba,

Goti je? Sisi wazima.

Baba, usimchinje nguruwe. Simalizi. Nimepungukiwa aljebra na historia, na bila hayo cheti hawatoi. Mitihani yake ni Januari, na kila Januari niko kwako. Mwalimu alinionya tangu mwaka jana. Nikanyamaza, maana ningekuambia ungenikataza kuja.

Mama analia jikoni akidhani hatumsikii. Najuta sana, baba, ila kuja kwako siwezi kukujutia.

Binti yako

Michoacán, 30 Juni

Mwanangu,

U mzima? Nimechelewa kujibu. Kwanza niliitukana shule yenu, kisha nikamtukana nguruwe. Halafu nikakumbuka ni nani alikuwa akiwaambia, "Shule haina miguu, mtaikuta palepale." Ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Uriel anaingia sekondari Agosti. Kambi ikifungwa, pangeni chumba mjini, nauli ya kuja huku ndiyo iwe kodi. Wewe nenda masomo ya jioni umalize hayo mawili. Desemba msije. Usinibishie, wala usimtume mama yako anibembeleze, maana nitalainika.

Gauni nimelitundika chumbani.

Baba

Watsonville, 12 Desemba

Shikamoo baba,

Hali yako? Tumepanga chumba juu ya duka la kinyozi, joto lipo. Shule ya jioni hutahini hata Novemba, na historia nimepita! Bado aljebra, mwezi ujao.

Uriel ameficha begi chini ya kitanda, kalijaza nguo. Nimemuuliza la nini, akasema labda baba atabadilisha mawazo. Hujabadilisha?

Binti yako

Michoacán, 6 Januari

Wanangu,

Nawasalimu wote. Mimi mzima, goti vilevile. Hongera kwa historia, mama, nimeitangaza hadi kanisani.

Sijabadilisha. Mwambie Uriel atoe nguo begini zisije zikanuka.

Leo nimenunua mkate wa Wafalme, ule mdogo. Chayo yuko kwa mwanawe, kwa hiyo nimeukata peke yangu. Kipande cha kwanza hamna kitu, cha pili hamna, cha tatu kisanamu hiki hapa. Haya, nani mwingine angekipata? Tamale za Februari nitapika mimi, ila sijui nitamlisha nani.

Kapite hiyo aljebra.

Baba yenu